Mswala wa sponji umekojolewa na unanuka uvundo: nianzie wapi?

SWALI: Assalaam alaykum, mwanangu fundi. Mswala wangu niliuletewa na binti yangu aliporudi Hijja. Ni wa mahameli rangi ya damu ya mzee, ndani una sponji, chini una mpira wa kuzuia kuteleza. Naswalia huohuo kila siku, mwaka wa tatu sasa. Miezi michache nyuma niliufua kwa sabuni ya unga nikauanika juani. Tangu hapo umekuwa mgumu, unachafuka upesi na unanuka kama soksi mbichi. Pahala pa kusujudia pameingia weusi. Juzi mjukuu wangu, mvulana wa mwaka na nusu, akaukojolea. Nikaukausha kwa taulo, nikauanika ukakauka. Je, jua limeshautwahirisha? Na nikitaka kuufua vizuri, niutie kwenye mashine?

JIBU: Waalaykumu salaam, mama, na shikamoo.

La mashine nilijibu haraka kabla hujaufikisha huko: usiutie. Sponji ikinywa maji inaelemea upande mmoja, ngoma ya mashine inazunguka kwa kuyumba na kugonga, na kinachoachia kwanza ni mshono wa pembeni. Halafu sponji yenyewe hukatikia ndani. Nimeshaletewa miswala ya namna hiyo, ukiipapasa unasikia mabonge huku na utupu kule, na hakuna dawa yake ila kununua sponji mpya. Mpira wa chini nao haupatani na joto la mashine ya kukaushia. Unakakamaa, kisha unabanduka vipande vidogo vidogo vinavyobaki sakafuni kila unapoukunja.

La jua ni la kifiqhi, na mimi ni mfua mazulia, si mufti. Lakini kazi hii huwezi kuifanya bila kuyajua haya, kwa hiyo nitakueleza ninavyofanya mimi kwa wateja wanaofuata madhehebu ya Shafii, na ukiwa na shaka muulize ustadhi wako. Nguo au mswala ulioingia mkojo hautwahiriki kwa kukauka. Doa limepotea machoni, hukumu imebaki. Iko nafuu ya kunyunyizia maji tu, nayo ni ya mkojo wa mtoto wa kiume asiyefikisha miaka miwili ambaye chakula chake bado ni maziwa. Imetoka kwenye kisa cha Ummu Qays bint Mihsan: mwanawe mchanga, aliyekuwa bado hajaanza kula, alimkojolea Mtume (s.a.w.) nguoni, akaagiza maji akainyunyizia wala hakuifua. Mjukuu wako wa mwaka na nusu bila shaka anakula chakula kama watu, basi nafuu hiyo imeshampita. Mswala wako unataka maji ya kumwagiwa.

Na hapa ndipo wengi wanapokosea mpangilio. Wanajaza beseni, wanatia sabuni, wanauzamisha mswala mzima. Kwa Shafii, maji machache, yaani yasiyofika qullatayni (makadirio ya kawaida ni kama lita 200), yakiingiwa na najisi yananajisika yenyewe. Beseni lako halifiki hata robo ya hapo. Ukiuzamisha humo, mkojo uliokuwa pahala pamoja sasa umeugawia mswala wote. Kanuni ninayowafundisha vijana wangu ni fupi: maji yaifuate najisi, najisi isiyafuate maji. Mwagia juu, yapite, yatoke, yaende zake. Ukishafanya hivyo, hapo ndipo sabuni na beseni huja kwa ajili ya usafi wa kawaida.

Kinachonifurahisha ni kwamba hata bila kuzungumzia tohara, mkojo ningeuondoa kwa njia hiyohiyo. Sabuni ya unga ikikutana na mkojo ulioganda haifiki mbali, na maji ya moto yanazidi kuushikiza kwenye nyuzi. Maji baridi mengi yanayopita ndiyo yanayoubeba. Tena usichelewe. Mkojo ukikaa, bakteria huigeuza yurea iliyomo kuwa amonia, ile harufu inayokata pua, na inabaki asidi ya yuriki ambayo hukauka ikawa chembechembe ngumu kuyeyuka. Chembe hizo zikiwa kavu hazinuki. Hewa ikiingia unyevu, zinaamka. Ndiyo sababu mtu huapa kwamba ameshasafisha, mvua ikinyesha wiki ya pili harufu inarudi palepale.

Kwa mswala wako kazi iko kwenye sponji, maana mkojo haukubaki juu, umeshuka. Bana mahameli kwa vidole viwili pale kati, uivute juu. Ikinyanyuka peke yake, sponji haikugandishwa kwa gundi. Ikiwa hivyo, ningekuwa mimi ningetumia wembe mdogo wa fundi cherehani kufumua mshono wa upande wa miguu, upana wote, nikatoa sponji nje. Usiogope. Ni mshono mmoja wa mashine, na mwishoni nitakuambia la kuufanyia. Ganda la mahameli utalimwagia maji na kulifua peke yake, sponji utaimwagia na kuikamua peke yake, na kila kimoja kitakauka kwa wakati wake. Mswala ulioshonwa ukiwa na sponji ndani ni godoro dogo, na hakuna anayefua godoro likakauka vizuri.

Ikiwa sponji imegandishwa, usiing'oe, utachana mahameli. Geuza mswala, dondoshea kijiko cha maji upande wa chini. Yakinywewa, upande wa chini ni kitambaa chenye vidoti vya mpira, na maji yatapita. Yakisimama kama juu ya jani la mgomba, ni mpira mtupu, na maji yataingia juu yatafute njia pembeni. Wa kwanza unauweka juu ya kreti mbili zilizopinduliwa, ili chini pawe wazi. Wa pili unauinamisha, sehemu iliyokojolewa ikiwa chini kabisa karibu na ukingo, ili maji yasisafiri kupita penye usafi. Kwa vyote viwili mwaga maji baridi polepole kwenye eneo lile na kiganja kimoja zaidi kulizunguka, bonyeza kwa viganja mpaka yatoke, mwaga tena. Kwa tohara, maji yaliyolienea eneo hilo baada ya mkojo wenyewe kuondoka yanatosha, na mara tatu ndiyo sunna. Kwa harufu mimi huendelea mpaka maji yatokayo chini niyanuse nisipate kitu. Kwa mkojo mmoja wa mtoto ni ndoo moja na nusu hivi, wakati mwingine mbili.

Harufu ikikataa baada ya hapo, changanya siki nyeupe kikombe kimoja na maji vikombe viwili, loweka eneo lile nusu saa, kisha mwagia maji safi. Siki inaituliza amonia, na harufu yake yenyewe huondoka inapokauka. Zipo pia sabuni za maji zenye vimeng'enya (enzaimu, vitu vinavyovunjavunja uchafu), zilizotengenezwa kuondoa mikojo ya watoto na paka, na kwa mahameli ya poliesta zinafaa sana. Ila nakuomba jambo moja: usiguse dawa ya klorini, ile ya kung'arishia nguo nyeupe. Ikikutana na amonia ya mkojo inatoa gesi inayochoma mapafu, ikikutana na siki inatoa gesi ya klorini yenyewe, na hata ikikutana na maji matupu bado itaila rangi yako ya damu ya mzee ikaacha baka la rangi ya kutu.

Sasa tuje kwenye uvundo, ambao ulikuwapo kabla ya mjukuu.

Ulivyoandika tu kwamba umekuwa mgumu na unachafuka upesi tangu ulipoufua, nimeshajua umelala na nini. Fanya jaribio hili kabla ya kuufua tena. Mimina nusu glasi ya maji safi, bila chochote ndani, kwenye kona moja ya mswala mkavu. Sugua kwa kiganja mizunguko kumi. Utaona povu. Maji matupu hayatoi povu, mama. Hiyo ni sabuni ya miezi ile. Ilikaukia kwenye vinyweleo vya mahameli na ndani ya sponji, ikavigandisha, ndiyo ugumu huo. Na mabaki ya sabuni hunata. Kila vumbi la mguuni linalopita linashikwa, ndiyo huo uchafu wa upesi. Watu wengi wakiona hivyo wanasema mswala umechakaa, wanaongeza sabuni. Wanazidi kuugandisha.

Maji yako yakiwa magumu, yale yanayoacha ukoko mweupe kwenye birika, hali huwa mbaya zaidi kwa sabuni ya kipande, kwa kuwa madini ya maji hayo huungana na sabuni kuwa utando wa kijivu usiosuuzika. Kwa miswala mimi sitii sabuni ya kipande wala ya unga. Natumia sabuni ya maji isiyo kali, kijiko kimoja cha chakula kwa lita 10 za maji. Wanafunzi wangu wa kwanza kwanza huniona bahili.

Harufu ya soksi nayo ina asili yake. Unatawadha, unatoka na miguu inachuruzika, unasimama juu ya mahameli. Maji yanaingia kwenye sponji, na sponji iko juu ya mpira, haipumui chini. Ukimaliza unaukunja, ukiwa mbichi, unauweka kwenye kochi mpaka swala inayofuata. Humo ndani ni joto, unyevu na jasho la nyayo. Bakteria aitwaye Staphylococcus epidermidis, anayeishi kwenye ngozi ya kila mtu msafi na mchafu, hulivunja jasho hilo akatoa asidi ya isovaleriki, na harufu ya soksi ndiyo hiyo. Poliesta, uzi ambao mahameli mengi ya viwandani yametengenezwa nao, haupendi maji lakini unapenda mafuta, kwa hiyo unayashika mafuta ya ngozi na harufu zake kuliko pamba. Fua utakavyo, ukiendelea kuusimamia na miguu mibichi, baada ya wiki tatu utaniandikia tena. Weka taulo dogo mlangoni mwa bafu, kausha nyayo na katikati ya vidole. Na ukishaswali, uache wazi mgongoni mwa kiti kama saa moja kabla ya kuukunja.

Weusi wa pahala pa kusujudia. Hebu hesabu: swala tano za faradhi zina rakaa 17, kila rakaa sijda mbili, jumla 34 kwa siku. Kwa mwaka ni zaidi ya 12,000, bila sunna wala tarawehe, na wewe una mwaka wa tatu. Kila mara paji la uso na pua vinaacha kidogo: mafuta ya ngozi, losheni, poda. Ni mafuta, basi yanataka kinachoyeyusha mafuta. Tia matone mawili ya sabuni ya kuoshea vyombo kwenye kikombe cha maji ya vuguvugu, chovya kitambaa cheupe cha pamba, kikamue mpaka kisidondoke. Anzia nje ya weusi kuelekea katikati, kwa kubonyeza na kuinua. Geuza kitambaa kila mara uone kinachotoka. Mara ya kwanza kitatoka rangi ya chai ya rangi, mara ya tano cha kijivu, mara ya nane pengine cheupe. Kisha rudia kwa maji matupu mara mbili tatu. Usisugue kwa brashi ngumu. Mahameli ni vinyweleo vilivyosimama, ukivisugua vinalala na kuchanika ncha, na utabaki na duara linalong'aa ambalo utalidhani doa jipya.

Ila weusi huo usikutie wasiwasi wa swala. Napokea miswala ya watu waliokaa wiki bila kuitumia kwa sababu "imechafuka". Uchafu ni jambo moja, najisi ni lingine. Anas bin Malik (r.a.) alieleza Mtume (s.a.w.) alipoalikwa kwa bibi yake, Mulayka: Anas akaenda kuchukua mkeka wao uliokuwa umeshakuwa mweusi kwa kutumika muda mrefu, akaunyunyizia maji, na Mtume akasimama juu yake akawaswalisha. Mkeka mweusi! Safisha mswala wako kwa sababu usafi unapendeza na unakupa utulivu, si kwa kuogopa kwamba paji la uso limeuharibu.

Basi siku ya kuufua ikifika, chagua asubuhi ya jua na upepo. Kama hiyo siku haipo wiki hii, ngoja, swalia shuka safi. Ukung'ute kwanza nje, umekunjwa kinyume, ukiupiga mgongoni kwa kiganja. Vumbi likiingia kwenye maji linakuwa tope, na tope la ndani ya mahameli halina adabu. Mwenye mashine ya kufyonza vumbi apitishe taratibu, kuelekea vinyweleo vinakolalia, asipitishe kwenye matamvua maana yanamezwa.

Pima rangi. Lowesha kitambaa cheupe, kibonyeze dakika moja kwenye kona yenye rangi iliyokolea. Kikitoka cheupe, endelea kwa maji ya kawaida au vuguvugu yasiyozidi nyuzi 30. Kikitoka na wekundu, tumia maji baridi tu na ufanye kazi haraka bila kuloweka. Utaambiwa utie chumvi ili rangi ishike. Chumvi ina kazi yake kiwandani nguo inapotiwa rangi. Kwenye nguo iliyokwisha kutengenezwa haizuii rangi kuchuja, inakuongezea tu kitu kingine cha kusuuza. Na rangi ikichuja ukiiona, usikimbilie kuanika. Iendeleze na maji baridi mpaka yatoke meupe, kwa sababu ikishakaukia penye nyeupe imehamia rasmi.

Fua kwa kubonyeza, kama unakanda, dakika tano kwa kila upande. Kisha suuza. Hapa ndipo nataka utumie nguvu na muda wako wote. Mara ya kwanza povu, ya pili povu, ya tatu utaona maji ya maziwa, na kwa mswala wako wenye sabuni ya zamani usishangae kufika saba. Maji ya mwisho kabisa tia siki nusu kikombe kwa lita 10, yanamaliza masalia ya sabuni na mahameli inarudi kuwa laini. Maji ya kulainishia nguo usitie. Nayo hubaki kwenye uzi, na ndiyo tuliyokuwa tunaikimbia.

Usiukamue kwa kuusokota. Utandaze juu ya taulo kubwa, uviringishe pamoja kama jamvi, kisha simama juu yake miguu mitupu na tembea kutoka mwanzo hadi mwisho. Utasikia maji yakihamia kwenye taulo. Rudia kwa taulo la pili. Halafu uanike ukiwa umelala kwenye kamba mbili au tatu zinazofuatana, siyo kuning'inia kwa kamba moja ambayo itaacha mstari katikati usiotoka. Mahameli itazame chini, mgongo utazame juu, na kivuli chenye upepo ni bora kuliko jua kali. Jua linapausha nyekundu kuliko rangi nyingi nyingine, na mpira unaukausha ukapasuka. Ganda likiwa peke yake litakauka siku hiyo hiyo. Sponji isimamishe ukutani kwa ukingo, igeuze kila baada ya saa chache. Mswala wenye sponji iliyogandishwa mpe siku mbili, na usiku uweke mbele ya feni. Kitu kikibaki kibichi siku ya pili inapokwisha, kuvu imeshaanza kujijengea.

Utajuaje umekauka ndani? Usiuamini mkono, mahameli hudanganya. Weka karatasi ya shashi juu yake, ikanyage kwa kisigino ukihesabu hadi 30, iinue. Ikiwa imelegea hata kidogo, bado.

Na pasi, mama, iache kabatini. Nilipokuwa najifunza kazi nilipewa mswala wa shangazi yangu, mahameli ya kijani, nikaona mikunjo nikapiga pasi nikiwa na nia njema kabisa. Poliesta ikipata joto hulegea ikachukua umbo inalopewa, ikipoa inabaki nalo. Umbo la pasi liko palepale mpaka leo, ncha yake imeelekea kibla. Shangazi anauswalia na kila nikienda ananitandikia mimi. Mikunjo ya kawaida iondoe kwa mvuke wa birika, mswala ukiwa mbali kidogo na mdomo wake, huku unavipandisha vinyweleo kwa brashi laini ya nguo. Vilivyolala magotini vitainuka kiasi. Vyote havitainuka, usivilazimishe.

Kwa wasomaji wengine ambao miswala yao si kama huu wa mama, nitapita haraka. Kama hujui ni wa uzi gani, kata uzi mmoja wa tamvua, ushike kwa kibano juu ya sinki, uwashe. Ukinuka nywele zilizoungua na jivu likasagika, ni sufi au hariri. Ukinuka karatasi, ni pamba, au ile hariri bandia iitwayo viskosi. Ukiyeyuka ukawa kijidonge kigumu, ni poliesta au ndugu zake. Sufi haitaki maji ya moto wala kusuguliwa, maana nyuzi zake zina magamba yanayoshikana, na mswala unasinyaa usirudi tena. Usiitie sabuni za vimeng'enya, vinavyokula protini, nayo sufi ni protini. Viskosi ikilowa inapoteza karibu nusu ya nguvu zake, ifute kwa kitambaa kibichi tu au mpelekee fundi. Mswala wa pamba mwembamba usio na sponji ndio pekee ninaoruhusu uende mashineni, ndani ya foronya iliyofungwa, mzunguko wa taratibu, nyuzi 30. Na anayepeleka kwa dobi wa kemikali ajue kwamba huko hakutumiki maji. Mswala wenye najisi umwagie maji nyumbani kwanza.

Wenye sufi waangalie nondo. Anayekula siye yule anayeruka, ni kiwavi wake, na anapenda mswala uliokunjwa ukasahauliwa kuliko unaoswaliwa kila siku. Ukiona mashimo madogo na vumbi kama mchanga, uchambue nje juani, uutie kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa vizuri, uuweke kwenye friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki mbili. Wanakufa na mayai yao.

Tukirudi kwako: kung'uta kila wiki, kufua hivi nilivyoeleza mara tatu au nne kwa mwaka, na pa kusujudia pafute kila mwezi usingoje weusi. Zulia la sebuleni tungelizungusha kila baada ya miezi sita ili uchakavu ugawanyike. Mswala wenye mihrabu au picha ya Kaaba hauzunguki. Paji litatua palepale, magoti palepale, nyayo palepale. Kwa hiyo kama unaweza, uwe na wa pili, mmoja upumzike na kupata hewa siku mwenzake anapotumika. Huu wa Hijja utakufikisha mbali zaidi kwa njia hiyo kuliko kwa sabuni yoyote.

Na ule mshono tuliofumua: usiurudishie. Mpelekee fundi cherehani ganda likiwa limekauka, mwambie atie zipu ya plastiki. Miswala mingi ina upana wa sentimita 65 hadi 70, hivyo zipu ya sentimita 60 itatosha. Iwe upande wa miguu, meno yatazame chini, yasikuchome vidole vya miguu ukiwa kwenye atahiyatu. Safari nyingine mjukuu akikuzidi mbio, utaivuta, utatoa sponji, na Alasiri hiyohiyo ganda liko kambani.